Uonevu Miongoni mwa Watoto: Majibu kwa Wazazi, Walezi na Majirani

Je, kila ugomvi wa watoto ni uonevu?

Hapana. Watoto wawili wanaolingana nguvu wakigombania mpira, kisha jioni wakacheza pamoja, hao wamegombana tu. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza suala hili katika shule za Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: hufanywa kwa kusudi, hurudiwarudiwa, na anayeonewa hana uwezo wa kujitetea. Nguvu inayozungumziwa si ya misuli peke yake, kwani umri, wingi wa marafiki, hata siri ambayo mmoja anaijua kuhusu mwenzake, vyote ni nguvu.

Kwa nini uhesabiwe kuwa suala la afya?

Kwa sababu mara nyingi mwili wa mtoto hutangulia kusema yale ambayo kinywa kimeshindwa kuyatamka. Anaumwa tumbo au kichwa asubuhi za shule, lakini likizo nzima hana tatizo, anakosa usingizi, anaanza tena kukojoa kitandani ilhali alishaacha. Uonevu ukiendelea, huweza kuleta wasiwasi na sonona vinavyomfuata hadi utu uzimani. Mtoto akitaja kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Tatizo hili si la wachache: ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia.

Jamii inaweza kufanya nini ambacho mwalimu peke yake hawezi?

Tazama mtoto anapopokonywa daftari njiani. Mmoja analirusha, wawili wanacheka, wanne wamesimama kimya, na mmoja anainamisha macho kana kwamba hajaona kitu. Anayeonea anafanya hayo kwa ajili ya hao saba, kwa maana bila watazamaji hana sifa ya kutafuta. Ndiyo maana mpango wa shule wa kuzuia uonevu uitwao KiVa, ulioanzishwa Finland, huwafundisha wanafunzi wote, hasa wanaoshuhudia, kusimama upande wa anayeonewa. Nasi watu wazima tumo katika duara hilo: dereva wa basi la shule, muuza duka, kocha, jirani aliye dirishani. Wote wakijua dalili, na wakajua nani wa kuarifiwa, njia ya kwenda shule haibaki bila mtu mzima. Binafsi naona kauli ya "ni utoto tu, watazoea" ndiyo inayotuponza zaidi, kwa kuwa mtoto akiisikia mara moja hatasema tena.

Mwanangu ameniambia anaonewa. Nianzie wapi?

Msikilize hadi amalize, mwambie kosa si lake, kisha andika kilichotokea, mahali na siku, ili uongozi wa shule upate jambo la kufuatilia. Usimwagize arudishe kipigo. Usimkutanishe ana kwa ana na anayemwonea ili wapatane, kwa sababu aliyezidiwa nguvu atakubali lolote mbele ya anayemwogopa.

Na kama mwanangu ndiye anayeonea wenzake?

Likomeshe tendo bila kumbandika jina baya, wala usimchape, kwa kuwa kipigo kitamfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Mwulize alichokifanya, akieleze kwa maneno yake, na chunguza kama naye anaonewa mahali pengine, kwani watoto walio pande zote mbili ndio mara nyingi huumia zaidi.