Kava la kibodi la bei rahisi: tunayoambizana Mwanza na ukweli wenyewe

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa kutoka Ukerewe kaja steshenari kwangu hapa Nyegezi na kava la kibodi mkononi, lile la kuvalisha kishikwambi (tableti) lenye vitufe vya kuandikia, ananiambia dada nitafutie mtu alichukue hata kwa 10,000, limekufa. Alilinunua 35,000 miezi miwili nyuma, akalitumia wiki mbili likazima, na toka hapo maazimio ya kazi na maandalio ya masomo yote kayaandika kwa kidole kwenye kioo cha kishikwambi, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Nikalichomeka kwenye chaja yangu ya kawaida ya siku zote, taa nyekundu ikawaka hapohapo. Halikuwa limekufa, lilikuwa na njaa tu.

Mwalimu alikuwa amenunua simu mpya, ikaja na ule waya ambao huku Type-C na huku Type-C, akawa anachajia kila kitu kwa huo. Sasa chaja za namna hiyo hazitoi umeme ovyo, zinasubiri kwanza kifaa kijitambulishe, na kinachokitambulisha ni kirizista, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, ndani ya tundu la chaji, na vibodi vingi vya bei rahisi hicho kirizista hawaweki. Kwa hiyo chaja inasubiri, kibodi nayo inasubiri, mpaka asubuhi hakuna kilichoingia. Ukitumia waya wa zamani, ule wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, inachaji vizuri kabisa. Imeniuma sana hii kwa sababu muda wote huo mtu kateseka na hakuna kilichoharibika, na najua wapo wengi, hasa walimu wenye vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vikagawiwa kwao, wamenunua kibodi Makoroboi au wapi wakazitupa kabatini kwa maneno ya watu tu. Ndo maana nimekaa kuandika.

Jambo la pili ninaloletewa sana ni "kibodi inakatakata". Unaandika, unaenda kupokea simu au unakunywa chai, ukirudi unabonyeza herufi haitoki, watu wanaamua mbovu. Hapana jamani, imelala. Hizi kibodi za Bluetooth zikikaa dakika kadhaa bila kuguswa zinajizima zenyewe ili betri yake ndogo isiishe, na ukibonyeza kitufe chochote inaamka inajiunganisha upya, sekunde mbili tatu hivi, herufi ya kwanza au ya pili inaweza kumezwa. Bonyeza spesi, subiri kidogo, endelea na kazi. Ila kama inakata katikati ya kuandika, vidole viko juu yake, hapo angalia chaji kwanza, halafu angalia kama haijaunganishwa na simu yako ya mfukoni badala ya kishikwambi, maana nyingi za bei hiyo zinashika kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Na kama uko sehemu yenye waifai nyingi zimebanana, Bluetooth na waifai ya kawaida zote zinatumia masafa ya 2.4 GHz, zinaweza kugongana herufi zikachelewa au ikajirudia moja mara tano.

Halafu kuna hili linalowapeleka watu kwa fundi bila sababu kabisa. Ukishaunganisha kibodi ya nje, ile kibodi ya kwenye kioo inapotea. Mtu anaona kishikwambi kimeharibika, anakiwasha anakizima, anakirisiti na kupoteza kazi zake zote. Kumbe kioo ni kizima! Android ndivyo inavyofanya, ikiona kuna kibodi halisi inaficha ya kwenye kioo ili upate nafasi ya kusoma. Ukizihitaji zote mbili nenda setingi, sehemu ya lugha na uandishi, tafuta panapohusu kibodi ya nje, kuna kitufe cha kuruhusu ile ya kwenye kioo ibaki. Au zima Bluetooth tu, inarudi.

Kwamba inakula bando, haili hata kidogo, Bluetooth ni mazungumzo ya vifaa viwili mezani kwako na intaneti haihusiki, unaweza kuwa kwenye meli ya Nansio katikati ya ziwa hakuna mtandao na ukaandika ripoti nzima. Kwamba inamaliza chaji ya kishikwambi, hii ina ukweli kidogo kwa zile za waya, zile kava zenye kikamba kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, kwa sababu hizo zinanyonya umeme wa kishikwambi chenyewe, na pia lazima kifaa chako kiwe na OTG, yaani uwezo wa kutumia vitu vinavyochomekwa kwenye tundu lake, la sivyo hakitaiona. Ya Bluetooth ina betri yake. Kinacholamba chaji ni mwanga wa kioo, upunguze uone.

Sasa kwenye saizi naomba tusikilizane maana hapa ndipo hela inapopotea kweli. Muuzaji atakwambia "hii inaingia zote". Kibodi yenyewe, ndiyo, kama ni Bluetooth itaongea na karibu kishikwambi chochote, hata simu. Kava ndilo halitaingia. Inchi zinapimwa kona hadi kona, kioo peke yake bila fremu, chukua rula ya mwanafunzi: sentimita 20 na kidogo ni inchi 8, sentimita 25 na kidogo ni inchi 10. Lakini hata inchi zikiwa sawa bado mwili unatofautiana, na yale makava yenye mikono minne ya kushikilia kona mara nyingine mkono mmoja unakaa juu ya kitufe cha kuwashia au unaziba kamera, unakuta kishikwambi kinajizima chenyewe kila ukikigusa. Kwa hiyo nenda dukani na kishikwambi chako, usiende na jina lake tu. Kivae kava palepale, kaa nacho mapajani, bonyeza herufi zote kuanzia q mpaka m, namba, spesi, Enta, kabla hujatoa hela. Dakika tatu. Muuzaji anayekukatalia hilo mwache, nenda duka la pili.

"Nikiweka kibodi nimepata laptopu." Hapa nasema kwa upole lakini nasema, hujapata. Kibodi inasaidia vidole, haiongezi kasi wala nafasi ya kuhifadhi. Kishikwambi kilichokuwa kinagoma kufungua faili kubwa la Excel kitagoma vilevile. Ila kwa kuandika, jamani, tofauti ni kubwa mno, kioo chote kinabaki wazi unaona ulichoandika, Ctrl na C unakopi, Ctrl na Z unarudisha ulichokosea, Alt na Tab unaruka kutoka kwenye WhatsApp kurudi kwenye kazi. Na jambo ambalo wengi hawalijui, Word ya kwenye simu na vishikwambi inaruhusu kuhariri bure kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1, kikizidi hapo Microsoft wanataka ulipie. Kwa hiyo mtu anayekushawishi ununue kubwa zaidi ya hapo kwa ajili ya kazi za Word, mkumbushe hilo.

Sumaku za kwenye kava hazifuti mafaili. Woga huu umetoka enzi za disketi na hadi diski za ndani ya kompyuta za zamani, zile zilihifadhi kwa sumaku, kishikwambi kinahifadhi kwa chaji za umeme ndani ya chipu. Sumaku ipo ili ukifunga kava kioo kizime, basi. Inaweza kuichanganya dira ya kwenye ramani, na kadi ya benki yenye ule mstari mweusi usiitunze humo ndani, hilo ni kweli.

Na je, za bei rahisi ni feki zote? Mimi nasema hapana, ila ujue unacholipia. Apple walipotoa kibodi ya kava kwa iPad ya 2022 waliiuza dola 249 huko Marekani, na ile inapata umeme kupitia vipini vya ubavuni mwa iPad, huchaji wala huunganishi Bluetooth. Ya 35,000 utaichaji mwenyewe. Kinachokufa mapema kwenye hizi mara nyingi ni ngozi ya nje, ile ngozi bandia inalainishwa na joto na unyevu mpaka inabanduka magamba, na sisi tunaokaa pembeni ya ziwa unyevu tunao. Isikupe presha, kibodi ndani iko salama. Cha kuogopa ni kuiacha miezi imeisha chaji kabisa, betri ya lithiamu ikikaa sifuri muda mrefu inakufa kweli, kwa hiyo hata kama huitumii ichaji mara moja kwa mwezi.

Kiswahili nacho watu wanauliza, eti kuna kibodi ya Kiswahili? Hatuihitaji, herufi zetu zote zimo, hata ya ng'ombe na ng'ambo ile alama iko pembeni ya Enta. Kama ukibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu basi mpangilio umewekwa wa Uingereza wakati kibodi ni ya Marekani, badilisha kwenye setingi.

Mwalimu kaondoka na kava lake na waya wa 3,000. Nawe kama una kibodi imegoma, kabla hujaiuza pita hapa Nyegezi, uje na ule waya unaochajia.