Usaha kwenye kizazi cha mbwa: sindano ya kuzuia homoni inafanya nini

Mbwa jike amemaliza joto, yaani kipindi cha kutaka dume, wiki tano au sita zilizopita. Sasa bakuli la maji linakauka kabla ya adhuhuri, anakojoa hadi barazani ambako zamani hakuthubutu, na chakula anakinusa tu kisha anageuka. Kwa jua la Tanga la Februari, wengi husema ni kiu ya msimu. Kabla hujasema hivyo, pima. Ondoa vyombo vingine vyote, funika na ndoo ya kuogea, mwachie bakuli moja unalolijaza kwa chupa ya lita moja na nusu, uhesabu mpaka kesho saa ileile. Mbwa wa kilo 20 akinywa zaidi ya lita 2 kwa siku, yaani mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, usilisingizie jua.

Mbwa ana jambo lake la pekee. Joto likiisha, ovari zake hutoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au hajapandwa. Kwa kizazi chake, kila joto ni kama mimba: ukuta unanenepa, tezi zinatoa majimaji, misuli inatulia, mlango unafungwa na kinga ya humo ndani inashuka. Bakteria waliopenya mlango ulipokuwa wazi, mara nyingi wale wa kinyesi chake mwenyewe, wanajikuta kwenye chumba chenye joto, chakula na utulivu. Sumu yao inazizuia figo kubana mkojo, na hapo ndipo kiu inapoanzia.

Mlango ukiwa wazi utaona usaha mkiani na alipolala, wa rangi ya maziwa, kahawia au wenye damu, na harufu yake haijifichi. Ukiwa umefungwa huoni kitu. Huyo ndiye wa kuogopewa zaidi, maana usaha unajaa bila pa kutokea na kizazi kinaweza kupasukia tumboni.

Sindano ya kuzuia homoni ni dawa inayoitwa aglepristoni, nayo haipunguzi projesteroni kwenye damu. Inakwenda kukaa mahali homoni hiyo inapofanyia kazi, kama abiria aliyekalia kiti cha dereva: gari haendeshi, lakini dereva naye hana pa kukaa. Amri ya “funga mlango, tulia” ikikosa wa kuitekeleza, mlango wa kizazi unalegea, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, na usaha unatoka. Tandika magunia ya zamani. Mwenye mbwa asiyeambiwa hili mapema hudhani mnyama amezidiwa.

Kipimo cha mbwa ni miligramu 10 kwa kila kilo. Dawa ina miligramu 30 katika kila mililita, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 anapata takriban mililita 6.7. Hapo ndipo makosa hutokea: kiasi chote kinasukumwa mahali pamoja, kesho yake shingo imevimba na mbwa hataki kuguswa. Mahali pamoja pasizidi mililita 5. Igawe sehemu mbili, chini ya ngozi wala si kwenye msuli, kisha upasugue taratibu. Dawa yenyewe ni ya mafuta yenye spiriti na inachoma, basi awepo mtu wa kumshika. Kwa usaha wa kizazi hurudiwa siku ya 2 na ya 8, na ya 15 ikiwa kizazi hakijasafika, pamoja na antibiotiki. Daktari anaweza kuongeza prostaglandini ili kizazi kikamue, lakini mlango ukishafunguka tu. Kukamua mfuko uliofungwa ni kuutafutia kupasuka.

Hata hivyo, kwa mbwa wa ulinzi asiyetarajiwa kuzaa, tiba tunayoipendekeza ni upasuaji wa kuondoa kizazi na ovari. Sindano huacha chanzo pale pale, na usaha unaweza kurudi joto lijalo. Ifikirie kwa jike kijana wa mbegu ambaye bado ana nguvu. Akipona, apandwe joto linalofuata, na ujue kwamba joto hilo huweza kuja mapema kuliko kawaida. Aliyelala hoi, anayetapika au mwenye figo zilizokwisha kuguswa hana hizo siku mbili za kungoja.

Dawa hiyohiyo huzuia au kutoa mimba isiyotakiwa: sindano mbili zinazopishana saa 24, kabla ya siku ya 45 tangu kupandwa, kisha altrasaundi kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Kwa paka hadithi ni nyingine. Yeye kwa kawaida hupevusha yai baada ya kupandwa, ndiyo maana usaha wa kizazi kwake ni nadra kuliko kwa mbwa. Balaa lake huletwa na binadamu. Mtu kachoshwa na milio ya usiku, akamchoma paka sindano ya wanawake ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Baada ya wiki chache matiti yote yamevimba kama machungwa machanga ya Muheza, ngozi imetanuka, pengine ina vidonda. Dume naye akichomwa hupata. Mara nyingi si saratani, na aglepristoni huyasinyaza, kwa miligramu 15 kwa kilo (paka wa kilo 3 ni mililita 1.5). Lakini ile ya miezi mitatu ingali inavuja mwilini, kwa hiyo dozi hurudiwa kila wiki kwa muda mrefu. Mwambie daktari ukweli kuhusu ulichomchoma na lini. Bila hiyo atasimamisha dawa mapema na matiti yatarudi kuvimba.

Unayetoka Pangani au Lushoto, piga simu ujue kama dawa ipo kabla hujampakia mnyama garini. Na anayemshika wakati wa sindano asiwe mjamzito: tone likimwingia kwa bahati mbaya, dawa haibagui projesteroni ya mbwa na ya mtu. Akichomwa, aende hospitali mara moja akiwa na boksi la dawa mkononi.