Kuzima taa ya eabegi si kutengeneza eabegi

"Fundi, wewe nizimie hiyo taa tu, mengine tumwachie Mungu." Hayo ndiyo maneno ninayokaribishwa nayo gereji, hapa Makupa, Mombasa, kila anapoingia kijana aliyebadilisha usukani. Ule mpya ni mdogo, wa ngozi nyeusi, umeshonwa kwa uzi mwekundu, na mtu wa kuufunga ameshalipwa. Sasa taa ya SRS, ile ya kuonya kuhusu eabegi, inawaka kwenye dashibodi na inamkera. Eabegi yenyewe, ule mfuko wa kwenye usukani unaojaa gesi gari likigonga, imeenda wapi, hilo haulizi. Anataka taa izimike.

Dhana kwamba taa ikizimika gari liko salama ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hivyo nitaieleza kwa urefu.

Kila ukiwasha swichi, kompyuta ya eabegi hujikagua. Hupitisha umeme mdogo sana na kupima ukinzani wa kiwashio kilichomo ndani ya eabegi, ambao kwa kawaida ni kama omu 2. Ikiupata, taa hukaa sekunde chache kisha huzimika. Ukiung'oa usukani wa kiwandani, eabegi imetoka nao, kompyuta haikuti kitu, na taa inabaki imewaka. Ndipo anapotokea mjuzi na rezista, kijipande cha kukinza umeme, cha shilingi chache. Anaisokomeza kwenye plagi ya manjano, anaizungushia tepu, anarudisha plastiki. Kompyuta inapima, inapata omu 2, inaridhika. Taa imezimika, na eabegi bado haipo.

Gari likigonga, sensa itapeleka habari, kompyuta itatoa amri, na umeme utaishia kwenye ile rezista. Itapata moto, basi. Eabegi halisi ingekuwa imeshajaa gesi kwa takriban milisekunde 30 hadi 50, kabla uso wako haujafika mbele.

Hapo huambiwa, "Lakini mimi hufunga mkanda." Vizuri, na usiache. Mkanda hushika kifua na kiuno, haushiki kichwa. Tena mikanda mingi ya kisasa imeundwa iachie kidogo mvutano ukizidi, isikuvunje mbavu, kwa sababu walioiunda walijua mbele yako kuna mfuko wa kukupokea. Ukiutoa mfuko, uso unakwenda kwenye usukani. Katikati ya usukani mpya kuna kitufe cha honi, na nyuma yake adapta, kipande cha alumini kinachouunganisha usukani na shafti, isiyobonyea. Adapta nyingi pia huusogeza usukani karibu na kifua, kwa hivyo hata nafasi ya kusimama umeipunguza.

Na wa kudhurika si wewe peke yako. Gari litauzwa. Atakayelinunua atawasha swichi, ataona taa imewaka na kuzimika kama inavyotakiwa, na atampa binti yake aliendeshe Mtwapa kwenda na kurudi kila siku akiamini ana eabegi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu rezista siweki, hata unilipe mara mbili. Mtu akishaamua kabisa kuitoa, namwambia aiache taa iwake, na siku ya kuuza aliandike jambo hilo kwenye makubaliano. Ila ajue pia kwamba kompyuta ikishaona kasoro, hakuna wa kumhakikishia kwamba eabegi ya abiria na vikaza mkanda, vile vinavyouvuta mkanda ukubane gari likigonga, vitafanya kazi.

Kuna wanaokuja na hoja nzito zaidi: "Si eabegi zenyewe ndizo zinazoua? Tumesikia habari za Takata." Mmesikia kweli. Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyowatengenezea eabegi watengenezaji wengi wa magari, na ilifilisika mwaka 2017. Vijazio vyake, yaani makopo yanayotoa gesi ya kujaza mfuko, vilitumia kemikali ya amonia nitrati, na vile visivyowekewa kikausha unyevu vikaharibika kwa miaka ya joto na mvuke. Kikilipuka, kopo lake la chuma hupasuka na kumrushia dereva vipande. Mombasa ina joto na unyevu mwaka mzima, na magari yetu mengi ni mtumba wa Japani, kwa hivyo kuogopa ni haki yako. Lakini watengenezaji waliyaita magari hayo ili vijazio vibadilishwe. Chukua namba ya chesisi, ikague kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwa wakala wake. Likiwa kwenye orodha, dai kijazio kipya. Kuzibadilisha eabegi zote zilizo nzima kwa rezista kwa sababu ya zile mbovu si kinga hata kidogo.

"Adapta yoyote itaingia." Haitaingia. Meno ya ndani ya adapta lazima yalingane na meno ya shafti ya gari lako, aina na mwaka wake. Ikiingia kwa nyundo, haikuingia. Halafu tazama matundu sita ya usukani wenyewe: ya Momo, Sparco na OMP yako kwenye duara la milimita 70, ya Nardi na Personal ni milimita 74. Nimeshika usukani ambao matundu yake yalikuwa yamepanuliwa kwa drili hadi yakawa mviringo wa yai, bolti zikicheza humo ndani, na mwenyewe alikuwa ametoka kuvuka nao daraja la Nyali. Nati ya katikati nayo hukazwa kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari husika, na Toyota nyingi ndogo ni Nm 50. Kukaza kwa kukisia mkono sikubali.

"Nimetoa betri, sasa naweza kufungua." Subiri. Kompyuta ya eabegi ina kapasita yenye akiba ya umeme, makusudi, ili mfuko ufunguke hata betri ikikatika kwenye ajali. Toa waya wa hasi, kaa angalau sekunde 90 au muda unaotajwa na kitabu cha gari. Mimi hukaa zaidi. Usipime eabegi kwa mita, umeme wa mita unaweza kuiwasha. Ukishaitoa, ilaze uso juu.

Kisha kuna ule utepe wa waya ulioviringishwa nyuma ya usukani, mafundi wanauita klokspringi. Huo ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi huku usukani ukizunguka. Mtu akiung'oa usukani na kuuchezea utepe kwa kidole, unatoka katikati. Akirudisha hivyo hivyo, ataendesha siku mbili tatu bila tatizo. Siku atakapozungusha usukani hadi mwisho, akigeuza gari kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, utepe unakatika: honi kimya, taa inawaka. Uzungushe polepole hadi ugote, kisha urudishe mizunguko miwili hadi mitatu, kutegemea gari, mpaka alama zikutane. Kwenye magari yenye udhibiti wa kuteleza, sensa ya pembe ya usukani nayo hutaka kusawazishwa upya kwa mashine.

"Usukani mdogo hulifanya gari liwe jepesi." Kinyume chake. Mikono inasafiri kidogo, lakini nguvu inayotakiwa inaongezeka. Siku pawa stelingi ikizima, ndipo utakapojua tofauti ya usukani wa milimita 370 na wa 320. Tena ule mdogo mara nyingi huziba spidomita.

Vito na nembo za kubandika kwenye kifuniko cha eabegi, vitoe leo. Mfuko ukifunguka vinaruka usoni.

Wanaoniuliza wafanyeje na bado wanataka uzuri, jibu langu ni moja: baki na usukani wa kiwandani, umpelekee mshonaji wa viti aliyezoea kazi hiyo avike ngozi duara peke yake. Rangi chagua wewe, uzi chagua wewe. Kifuniko cha katikati kisishonwe, kisipakwe rangi, kisitiwe gundi, kwa maana kina mistari myembamba upande wa ndani ambapo hupasukia. Na kabla ya kumpa, hakikisha eabegi imeshatolewa na imewekwa mahali salama, kwa sababu mshonaji atafanya kazi kwa sindano na kisu akiwa ameinamia pale pale katikati.