Je, wajua kwa nini Ferrari 250 GTO ni ghali hivyo? Uchache peke yake hautoshi

Agosti 2018, huko Monterey, California, gari la mbio la Ferrari 250 GTO la mwaka 1962, namba ya chesisi (fremu ya gari) 3413GT, liliuzwa mnadani kwa dola milioni 48.4 za Marekani. Kila habari ya namna hii inapotoka, maelezo huwa yale yale: ni ghali kwa sababu ni machache. Kweli ni machache. Kiwanda cha Maranello, Italia, kilitoa 36 tu kati ya 1962 na 1964, au 39 ukijumlisha matatu yaliyofungwa injini ya lita 4.

Lakini idadi hiyo haijaongezeka tangu 1964, wakati bei imepanda mno. Lilipokuwa jipya, nchini Marekani liliuzwa kwa takriban dola 18,000. Mwaka 1972 mojawapo, chesisi 3589GT, lilinunuliwa kwa dola 6,500, na muuzaji alikuwa shule ya sekondari ya mji wa Victoria, Texas! Tajiri mmoja mwenye timu ya mbio alikuwa ameipa shule hiyo gari lake, wanafunzi wakawa wanajifunzia ufundi. Aliyelinunua alilipeleka Ohio, akaliacha juu ya trela, nje uwanjani, likanyeshewa kwa takriban miaka 15. Miaka yote hiyo lilikuwa adimu kama lilivyo leo. Ila magari ya mbio yenye injini nyuma ya dereva yalikuwa yameshaliacha mbali, na watu waliliona kama gari la mbio lililopitwa na wakati. Hata mwaka 1977, Nick Mason, mpiga ngoma wa Pink Floyd, alipata la kwake kwa pauni 37,000, na hilo ndilo lililoshika nafasi ya tatu kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1962.

Ipo hadithi nyingine inayopendwa. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zilitaka gari la daraja la GT (magari ya kasi yanayoweza pia kuendeshwa barabarani) litengenezwe angalau 100 ndipo liruhusiwe kushindana. Wengi husimulia kwamba Enzo Ferrari aliwahadaa wakaguzi kwa kuwahamishia magari yale yale kutoka karakana moja hadi nyingine. Makaratasi yanasema tofauti: 250 GTO liliandikishwa kama maboresho ya 250 GT Berlinetta fupi, gari la Ferrari lililolitangulia, aina ambayo ilikwisha kukubaliwa. Ruhusa ya kufanya maboresho ilikuwepo, na Ferrari ikaitumia mpaka ukingoni. Ilipotaka kupita njia hiyo hiyo na 250 LM, gari lake jingine, ambalo injini yake iko nyuma ya dereva, FIA ilikataa.

Basi hayo mamilioni yanalipia nini hasa? Kwa sehemu kubwa yanalipia historia iliyofungwa kwenye namba ya chesisi. Fikiria kiwanja chenye hati. Nyumba iliyo juu yake yaweza kubomolewa, ikajengwa nyingine, ikaongezwa vyumba. Namba ya kiwanja inabaki ile ile, na masijala ya ardhi itakuonyesha nani alimuuzia nani, mwaka gani, na kama kuna mgogoro. Mnunuzi makini huenda masijala kwanza.

Lile 3413GT linaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1962 Phil Hill, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa mwaka uliotangulia, aliliendesha kwenye mazoezi ya mbio za Targa Florio kule Sicily. Kisha likauzwa kwa Edoardo Lualdi-Gabardi, aliyeshinda nalo mbio tisa kati ya kumi msimu ule. Likaenda kwa Gianni Bulgari, wa familia ya masonara wa Roma, halafu kwa Corrado Ferlaino, ambaye baadaye akiwa rais wa klabu ya Napoli ndiye aliyemleta Maradona. Kwenye Targa Florio liliongoza daraja lake mwaka 1963 na tena 1964. Mwaka huo wa 1964 karakana ya Scaglietti ililivua bodi la kwanza na kulivika la mtindo mpya, na bado ni 3413GT. Likiwa na pengo kwenye mlolongo huo, au shaka kuhusu injini, gari la aina hii hupoteza mamilioni.

Historia hiyo isingekuwa na uzito kama gari lenyewe lingekuwa dhaifu. Mhandisi Giotto Bizzarrini alianza kulisanifu, akaondoka kiwandani mwishoni mwa 1961 pamoja na wakuu wengine, na kijana Mauro Forghieri akalimalizia. Injini ni ya silinda 12, sentimita za ujazo 2,953, kabureta sita za Weber, nguvu za farasi kama 300. Lilitwaa ubingwa wa dunia wa GT miaka mitatu mfululizo, 1962 hadi 1964. Bodi la alumini lilipigwa nyundo kwa mkono, kwa hiyo hakuna mawili yanayofanana kabisa. Puani kuna matundu matatu yenye umbo la D, yenye vifuniko vya kutoa dereva anapotaka hewa zaidi iingie kwenye rejeta. Ndani, mbele ya usukani, imekaa mita kubwa ya mizunguko ya injini. Ya spidi haipo. Na bado ni gari la kuendeshwa barabarani, lenye taa na honi.

Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ililitambua umbo lake kuwa kazi ya sanaa, ikaizuia kampuni moja ya Modena kutengeneza nakala zake.