Koilova ni nini hasa, kwa anayetaka kushusha gari ya kutembelea Arusha na Moshi

Kuna chalii alinisimamisha pale Sakina, ana Altezza safi kabisa, akaniuliza swali ambalo kila mwenye gari ya michezo hapa mjini analo: "kaka, koilova zinashusha gari inchi ngapi?" Nikamuuliza we unapita wapi kila siku. Akasema anakaa Moshono ndani ndani huko, kazi yuko mjini, wikiendi anashuka Moshi kwa wazazi na mara nyingi anabeba watu wanne. Nikamwambia basi tuanzie hapo, inchi tutazikuta mbele.

Koilova ni shokapu na springi vilivyoungwa vikawa kitu kimoja, springi imezunguka mwili wa shokapu, na jina lenyewe ndo linasema hivyo, koili juu ya shokapu. Sasa ukiishia hapo hata Corolla ya mbele ina koilova, maana springi yake nayo imekaa kwenye shokapu, ila mtaani tukisema koilova tunamaanisha ile ambayo mwili wake una sredi kama boliti kubwa, kuna sahani inayokaliwa na springi na ringi ya kuibana chini yake, unashika spana ya ndoano unazungusha, sahani inapanda au inashuka na gari nayo inafuata. Kwa hiyo kifaa hiki hakijatengenezwa kushusha gari tu, kimetengenezwa ili wewe uchague gari ikae wapi, na ukitaka unaweza hata kuiacha palepale ilipotoka kiwandani ukafaidi mengine.

Watu wanapima kwa vidole, si unajua, vidole vitatu kati ya tairi na fenda, ikibaki kidole kimoja gari "imelala" na picha inatoka vizuri. Mi sina shida na hilo, gari iliyolala inapendeza, nisiwe mnafiki. Shida ni kwamba vidole vinakuonyesha nafasi ya nje tu, ile inayoamua kama utaifurahia gari iko ndani ya shokapu na huioni: imebaki safari kiasi gani kabla rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye shokapu, haijafika mwisho ikagonga ile raba ya kuzuia.

Chukua mfano wa hesabu ya kawaida. Tuseme gari yako imesimama, shokapu ya mbele ina milimita 70 za kunepa kabla ya kugusa raba. Umeshusha 40, kwa springi fupi au kwa kuzungusha sahani chini. Zimebaki 30. Unapita Maji ya Chai umejaza watu, unakuta tuta, 30 zinaisha kabla hujamaliza kusema pole kwa abiria, kishindo kile unachosikia ndo raba inakula mzigo wote wa gari. Ndo maana springi za koilova zinakuja ngumu kuliko za kiwandani, siyo ukatili wa Wajapani, ni kwamba safari imefupishwa kwa hiyo lazima kila milimita ibebe zaidi.

Ugumu wa springi unaandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya 5 maana yake ukiiwekea kilo 5 inaingia milimita 1. Fanya mwenyewe: watu wawili wamekaa nyuma, tuseme kilo 150, kila upande umepata 75. Springi laini ya 2.5 inashuka milimita 30, springi ya 5 inashuka 15. Sasa ukiwa umebakiza safari ya 30 utaona moja imeshamaliza kila kitu kabla gari haijaondoka, nyingine bado ina nusu. (Hapo nimechukulia springi inapokea mzigo wote moja kwa moja, na si gari zote ziko hivyo, nakuja.)

Na hapa ndo watu wanachanganyana sana. Subaru Impreza mbele ina strati, shokapu imeshikana na nakoli, kile chuma kinachobeba tairi lenyewe, tairi ikipanda 10 shokapu nayo inaingia karibu 10. Altezza ni kontroli amu mbili, yaani mkono wa juu na wa chini, shokapu imekaa kwenye amu ya chini, kwa ndani kidogo, kwa hiyo tairi ikipanda 10 shokapu inaingia pungufu. Tuseme inaingia 7, nachukua namba ya mfano tu. Basi ugumu unaofika kwenye tairi ni 0.7 mara 0.7 mara springi, yaani springi ya 10 kwenye tairi inasikika kama 4.9. Kwa hiyo mwenye Subaru akikwambia "mi natumia 6 na iko poa sana" halafu we ukaagiza 6 ya Altezza, utapata gari laini inayogonga chini, na mwenye Altezza akimshauri mwenye Subaru aweke 10 atamuua kiuno. Ukishusha sahani 10 kwenye Altezza hiyo ya mfano, gari yenyewe inashuka kama 14, usishangae ikilala zaidi ya ulivyopanga.

Aina ziko mbili kubwa na ukinunua bila kujua tofauti umeliwa. Kuna ile unashusha kwa sahani ya springi peke yake, na hiyo kadri unavyoshusha ndivyo rodi inavyoingia ndani ya shokapu na safari inapungua. Halafu kuna ile ambayo bracketi ya chini, kile kishikio kinachofungwa upande wa tairi, nayo ina sredi yake, unafupisha mwili mzima wa shokapu, gari inashuka lakini safari ya ndani inabaki ileile. Kwa barabara zetu mi nasema ya pili bila kufikiri mara mbili, labda kama unashusha kidogo sana, milimita 20 hivi, hapo hata ya kwanza itakubeba. Ila kumbuka hata hiyo ya pili haifanyi miujiza, tairi bado litakutana na fenda na sampo, bakuli la oili chini ya injini, bado itakutana na jiwe.

Mi mwenyewe nilishafanya ujinga, niseme tu. Nilinunua seti ya mtumba, ya sahani peke yake, nikashusha mpaka mwisho wa sredi kwa sababu nilitaka ilale, springi ikabaki inacheza hewani kila tairi likining'inia. Kila tuta la Njiro ilikuwa kama nimebeba sufuria kwenye buti. Fundi wangu alipoinyanyua gari kwa jeki akaishika springi kwa mkono ikazunguka, akaniangalia, akasema "bosi wangu, hii umeivaa kama mkufu." Tukairudisha juu milimita 25 na kelele ikaisha palepale.

Kuhusu kukaza sahani kuna uongo umezoeleka: kwamba ukiikandamiza springi inakuwa ngumu zaidi. Hapana. Springi ya kawaida ya 7 ni 7 ukiikandamiza na ni 7 ukiiachia, unachofanya ni kunyanyua gari tu. Ukiikandamiza kupita uzito unaoikalia ndo gari inakataa kunepa kwenye vimashimo vidogo, inadunda kama kifodi, daladala zetu za huku, kikiwa kitupu, na watu wanaita hiyo ugumu.

Ile nobu ya juu au chini ya shokapu yenye kliki haigusi springi, inabadilisha jinsi mafuta yanavyopita ndani, yaani rodi iingie na kurudi taratibu au haraka. Koilova za Tein Flex Z zina hatua 16, BC Racing BR zina 30, na wingi wa kliki usikutishe wala usikununulishe. Anza kwa kuifunga mpaka mwisho wa ugumu taratibu kisha hesabu ukirudi nyuma, ili siku nyingine ujue uko wapi. Kwa kutembelea tu, Arusha mjini, kaa upande wa laini kisha kaza kliki mbili mbili mpaka gari ikipita tuta inyanyuke mara moja itulie. Ikiendelea kuyumba juu chini bado ni laini mno, ikikurusha kwenye lami iliyobanduka umezidisha. Zile rasta, vituta vidogo vilivyofuatana, za barabara ya Moshi ni kipimo kizuri cha bure, usukani ukianza kutetemeka mikononi na gari inahama mstari basi shokapu haina muda wa kurudi, legeza.

Vya kukata springi na kupasha moto sitavijadili sana. Springi iliyokatwa ikining'inia inaweza kutoka kwenye kiti chake, iliyopashwa moto inapoteza nguvu yake, imeisha hiyo.

Springi fupi tu juu ya shokapu za kiwandani ni njia ya mwenye bajeti na siidharau, kwa milimita 20 mpaka 30 gari inakaa vizuri, ila shokapu inakuwa inafanya kazi chini chini muda wote na ikiwa ni ileile iliyokuja na gari toka Japani, imezeeka, itakufa mapema. Bei ya shokapu mpya nne ukijumlisha na springi hizo utakuta umeshakaribia kukusanya nusu ya koilova mpya, piga hesabu kabla.

Mtumba ndo wengi tunaanzia huko. Angalia mafuta kwenye rodi, hata unyevu wa vumbi lililoganda ni dalili. Isukume rodi ndani kwa uzito wako, iende kwa mkazo mmoja mwanzo mpaka mwisho, ikiwa na sehemu inapotea ghafla iache. Jaribu kuzungusha ringi zote, iliyoganda kwa kutu haitakusaidia kitu maana huwezi tena kuchagua urefu. Soma maandishi kwenye springi, nyingi zimeandikwa kipenyo cha ndani, urefu na kilo, na uhakikishe kushoto na kulia vinafanana, nimeshaona seti ina 8 upande mmoja na 6 mwingine na muuzaji anaapa. Topu maunti, vile vishikio vya juu vinavyofunga shokapu kwenye bodi, nazo: za raba ziko kimya, za chuma cha boli zinafanya usukani uwe mkali ila vumbi la Kisongo likiingia zinaanza kugonga.

Ukishafunga usilinganishe kwa kuhesabu sredi, pima kutoka katikati ya rimu mpaka fenda, pembe zote nne, gari ikiwa sehemu tambarare. Na boliti za bushi mwambie fundi azikaze za mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, akizikaza inaning'inia bushi zinakaa zimejipinda muda wote na zitachanika. Tembea siku kadhaa springi zikae, pima tena, ndo uende wilo alaimenti, kunyoosha matairi, siyo kabla. Gari ikishuka kemba (tairi kulala ndani au nje ukiliangalia kwa mbele) na too (matairi kuelekeana au kuachana ukiangalia kwa juu) vinahama, matairi yanaanza kulika ndani ambapo huoni mpaka waya zitoke, na mara nyingi ni too ndiyo inayokula haraka kuliko kemba.

Strati kama za Impreza zina ubaya mwingine, ukishusha sana ile amu ya chini inalala kinyume, kwa nje inakuwa juu kuliko kwa ndani, na gari inaanza kutaka kulalia upande kwenye kona kuliko ilivyokuwa. Umeshusha ili ishike kona, umepata kinyume, unalazimika kuongeza ugumu kufidia.

Yule chalii wa Moshono tulimalizana kwa milimita 25, yaani kama inchi moja, zile za bracketi ya chini, kliki upande wa laini. Alinung'unika kidogo kuhusu vidole, bado anaona viwili ni vingi. Nilimwonya kitu kimoja zaidi: kila masika ikiisha apige sredi maji na brashi, zikauke, apake grisi nyembamba, na ringi asizizungushe zikiwa na matope hata kama spana iko mkononi.