Je, wajua kwa nini mkopo wa kilimo wa halmashauri unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii, si kwa bwana shamba?

Wakulima wengi wa Meru, Hai na Moshi Vijijini, kaskazini mwa Tanzania, wakisikia halmashauri imetangaza mikopo, humkimbilia kwanza afisa ugani wa kata. Huyo huwaelekeza mlango wa pili, kwa afisa maendeleo ya jamii, na wengi hurudi nyumbani wakinung'unika kwamba wanazungushwa. Hawazungushwi. Sababu imo kwenye sheria, na asiyeijua huandika ombi zuri la kilimo ambalo haliendi popote.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kiliongezwa mwaka 2018. Kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iyakopeshe makundi matatu bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Neno mkulima halimo. Sheria inamtaja mtu, haitaji zao wala mfugo. Mwanamke wa Kikatiti anayelima nyanya anapata kwa sababu ni mwanamke aliye kwenye kikundi, na nyanya ni shughuli aliyoichagua tu. Angechagua cherehani angepita mlango uleule. Mzee wa Kibosho mwenye kihamba kizuri cha kahawa hana nafasi hapa hata awe hodari namna gani. Njia zake ni AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao), benki na pembejeo za ruzuku.

Kwa kuwa anayepimwa kwanza ni kikundi, mpimaji wa kwanza ni mtu aliyesomea vikundi. Bwana shamba anaingia baadaye, kuthibitisha kama hesabu za shambani zina ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliangalii: asilimia 10 ni ya mapato ya ndani ya halmashauri husika. Jiji la Arusha linakusanya leseni za biashara, ushuru wa masoko na ushuru wa huduma, kwa hiyo fungu lake ni nono, ilhali wakulima wake ni wachache. Kwenye halmashauri nyingi za vijijini hali ni kinyume. Halafu fungu lenyewe halijai siku moja. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na makusanyo huingia kidogokidogo, ndiyo maana kikundi kinaweza kupitishwa kikaambiwa kisubiri.

Njia yenyewe haina siri. Wanawake au vijana wawe angalau watano. Watu wenye ulemavu wamelegezewa idadi hiyo. Kikundi kinaandika katiba, kinasajiliwa halmashauri, kinafungua akaunti kwa jina lake na kuandaa andiko la mradi. Viambatisho ni vitambulisho vya wanachama, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, wenye sahihi za wote, na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji au mtaa. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na jina linaloandikwa tofauti kwenye kitambulisho na kwenye katiba linatosha kulikwamisha. Kata inalikagua, afisa anakwenda kuona kikundi kilipo, halmashauri inachuja, mkataba unasainiwa, kisha fedha zinaingia kwenye akaunti ya kikundi. Hati ya shamba haihitajiki kuwa dhamana, kwani dhamana ni ninyi wenyewe: mmoja akikimbia, waliobaki wanalipa.

Sasa huyo afisa amesomea nini hasa? Wengi wao kanda hii wamepita Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, ambako masomo yanaanzia astashahada hadi shahada. Wengine hutoka Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, au Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma. Kiini cha mafunzo hayo ni upangaji shirikishi. Mwanafunzi anajifunza kukaa na wanakijiji wachore ramani ya kijiji chao chini kwenye vumbi, watembee kukikatiza toka mlimani hadi bondeni wakiandika wanachokiona, wachambue tatizo kwa mti wenye mizizi na matawi, na walinganishe mahitaji mawilimawili hadi libaki moja la kwanza. Serikali za mitaa huitumia mbinu ya aina hiyo, ile ya fursa na vikwazo kwa maendeleo, kuandaa mipango ya vijiji inayopandishwa wilayani.

Katika zana zote hizo, moja ndiyo inayoamua hatima ya mkopo wa kilimo: kalenda ya msimu. Ni jedwali la miezi 12 likionyesha mvua, kazi za shambani, njaa, magonjwa, ada za shule, bei sokoni na pesa inapoingia na kutoka. Maandiko mengi ya kilimo yanayorudishwa hayana kasoro kwenye faida. Faida imeandikwa, tena mara nyingi imetiwa chumvi. Kinachokosekana ni lini.

Chukua kuku wa mayai, mradi unaopendwa sana pembezoni mwa Arusha. Tuseme kikundi kimekopa shilingi 6,000,000 kulipa kwa miezi 12, yaani 500,000 kila mwezi. Kimenunua vifaranga 200 wa siku moja. Chanjo ya mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, zikirudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Yai la kwanza linakuja wiki ya 18 hadi ya 20. Kufikia hapo kuku mmoja amekula kilo 7 hadi 8 za chakula, kwa hiyo kundi lote limemaliza mifuko kama 30 ya kilo 50 na hakuna senti iliyoingia. Marejesho yakianza mwezi wa nne, kikundi kitauza kuku kabla hawajataga. Hilo hutokea kila mara, na watu husingizia ugonjwa.

Wakianza kutaga hesabu inabadilika. Kuku 200 wakitaga kwa asilimia 80 ni mayai 160 kwa siku, trei tano na mayai 10 juu. Kila kuku anakula gramu 120 hivi kwa siku, hivyo kundi linamaliza kilo 24, karibu mfuko mmoja kila siku mbili. Kwa mwezi ni trei 160 dhidi ya mifuko 14 na nusu. Weka bei ya trei na ya mfuko ya dukani kwenu wiki hii, toa dawa, umeme na wanaokufa, ndipo utajua kama laki tano inatoka. Andiko linalopita ni lile linaloomba marejesho yaanze mwezi wa saba, au linaloanza na mitemba wa wiki 16 wakiwa wachache.

Mahindi ya Kahe au Usa River yana shida yake. Masika hupandwa Machi na kuvunwa Julai au Agosti. Fedha zikiingia Mei zimekuta msimu umekwenda, na pesa iliyokaa kwenye akaunti ya watu watano haikosi dharura. Kwa masika, andiko liwe limewasilishwa mwishoni mwa mwaka ili Februari kikundi kiwe dukani. Mapato nayo huja kwa mkupuo mmoja, tena mavuno yakiwa sokoni kwa wingi na bei ikiwa chini, ilhali rejesho linadaiwa kila mwezi. Kikundi chenye akili huchanganya: maharage, ambayo huiva kwa kama miezi mitatu, au mboga za mfereji zibebe rejesho la kila mwezi, mahindi yasubiri bei.

Bwana shamba anapoitwa kuthibitisha, ndipo makadirio ya kubuni yanapoumbuka. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo 9,000 hivi na mimea 18,000. Hapo kilo 8 hadi 10 za mbegu zinatosha. Kifuniko kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, kwa shimo ni gramu kama 5, yaani kilo 45 kwa ekari; mfuko mmoja wa kilo 50. Andiko linaloomba kilo 25 za mbegu na mifuko mitatu ya DAP kwa ekari linamwambia mkaguzi kwamba mwandishi ni wa duka la steshenari, hajawahi kushika jembe. Kosa la upande wa pili ni kusahau ruzuku. Tangu msimu wa 2022/23, ambapo mfuko wa DAP au urea uliwekwa shilingi 70,000, mbolea ya ruzuku hupewa aliyesajiliwa kwa jina lake, ekari zake na namba yake ya simu. Bei hutangazwa upya, kwa hiyo tumieni ya msimu huu, na kila mwanakikundi awe amesajiliwa kwa mtendaji kabla ya kuandika bajeti.

Parachichi, kahawa na migomba mipya isiombewe mkopo huu kabisa. Parachichi la kubebeshwa linataka kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kahawa vivyo hivyo, mgomba mwaka na zaidi. Hakuna afisa atakayeweza kulipanga rejesho la hapo hata akitaka kuwasaidia.

Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuibua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na Siha ni mojawapo, kwa hiyo wa Sanya Juu asifuate maelezo ya jirani yake wa Hai bila kuuliza kwanza. Uchujaji umekaza. Kosa ambalo sasa hunaswa haraka ni kugawana: watano wanakopa pamoja, kila mmoja anaondoka na fungu lake kwenda shamba lake. Afisa akija kuona, mradi haupo; kuna miradi mitano midogo, na wawili kati yao wamenunua bati.

Mvua ikikataa, msijifiche. Barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho iandikwe kabla ya tarehe ya rejesho kupita, ikiambatana na taarifa ya afisa ugani inayotaja ekari zilizoathirika na hatua ambayo zao lilikuwa limefikia, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama wote, na risiti ya malipo yoyote yaliyokwisha kufanyika, hata yawe madogo.