Anyooshe mikono ipi?

Juzi tena, kijiweni Majengo, kahawa haijapoa, mzee mmoja kanigeukia: "Rubani wa kivita akitekwa ujue ni mwoga. Kabonyeza kitufe, kaelea na mwavuli, kanyoosha mikono." Mimi nimezeeka karakana ya jeshi nikihudumia viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege. Nimechoka.

Hakuna kitufe, mzee wangu. Kuna mpini, unavutwa. Kifuniko kinaondoka, baruti inawaka, mtu anarushwa kwa G 12 hadi 20, yaani kama uzito wake mara 12 hadi 20. Pingili za mgongo zinabanwa palepale. Stockdale, rubani wa Marekani, mwaka 1965 alitua Vietnam mgongo umeshavunjika. Kisha kuna upepo: ndege ikiwa mwendo wa noti (knot) 500, karibu kilomita 930 kwa saa, unanasa mkono uliolegea na kuuvunja kama bua la mtama.

Tarehe 26 Oktoba 1967 kombora liling'oa bawa la kulia la A-4, ndege ya kivita ya rubani Mmarekani John McCain, juu ya Hanoi, Vietnam. Ndege ikawa inajizungusha kichwa chini. Akavuta mpini, akazimia. Alizinduka ziwani Truc Bach, mikono yote miwili imevunjika, na goti la kulia pia, vifaa vinamzamisha. Kamba ya kujaza jaketi la kuokolea aliivuta kwa meno. Kwa meno! Sasa huyo anyooshe mikono ipi?

Vitabu vyetu vinasema kaa wima, kisogo kwenye kiegemeo, viwiko ndani. Nimewafundisha vijana hayo kwa sauti kubwa, lakini moyoni sina hakika kama ndege inayopinduka vile humpa mtu nafasi ya kukumbuka viwiko. McCain mwenyewe alisimulia kwamba alijigonga kwenye ndege akitoka. Kama ni hivyo, mkao ungemsaidia nini?

Mwaka 1968, akiwa mateka, alikataa kuachiwa kabla ya waliotangulia kutekwa. Baadaye alipigwa mpaka akatia saini ungamo, na kijiweni hilo ndilo wanalolishikilia. Mimi simhukumu.

Aliachiwa Machi 1973. Siasa zake za useneta mnazijua. Kinachonishangaza mimi ni kwamba alirudi kurusha ndege na kuongoza kikosi cha ndege cha VA-174 huko Florida, Marekani, ilhali mikono haipandi juu ya mabega. Viti vingi vya enzi zile vilikuwa na mpini mmoja juu ya kichwa, mwingine katikati ya mapaja. Wa juu asingeufikia. Daktari wa marubani aliyempitisha ningependa sana kumuuliza alimpimaje.